Uzi Mwekundu

Kideri kilipita Kitangari msimu wa korosho,
kikaingia bandani bila hodi.
Alfajiri nikafungua mlango wa mianzi
nikakuta shingo zilizopinda,
mabawa yamelala kama matambara.
Hamsini na saba.
Niliwafukia shimo moja, nikatia chokaa,
nikanawa hadi kwenye viwiko.

Akabaki mmoja.
Mtetea kishingo, miguu mifupi,
mayai yake madogo hayakuwahi kusifiwa na mtu.
Alikuwa anachakura maganda ya muhogo
kana kwamba jana haikuwepo.

Nilichomoa uzi kwenye pindo la kanga,
nikausokota mara tatu, nikamfunga mguuni.
Kisha nikachukua daftari la Nangumbi, la darasa la tatu,
nikaandika ukurasa wa nyuma:
58 – 57.
Jibu sikuliandika. Mkono uligoma.

Shemeji Chilumba akacheka:
"Kuku haandikwi, mama. Kuku huliwa."

Ndivyo tulivyo.
Mgeni akipiga hodi tunakimbiza mwenye kifua,
jogoo anayetembea kama mwenye nyumba.
Mkwe akija, anamfuata wa pili.
Jando likifika wanakwenda watano kwa mpigo.
Anayebaki ni nani?
Yule wa kukoroma usiku,
aliyepona kisu kwa kukosa nyama,
naye ndiye tunamwachia uzazi.
Halafu vifaranga wakidumaa
tunasema udongo, tunasema jicho la jirani.
Hata njugu mawe tunazichambua,
za mbegu huku, za chungu huku.
Kuku tumekula mbegu, jamani,
tukatema mifupa.

Nikamtafutia kishingo mume.
Bibi Somoe wa Mnyambe alikuwa na kuchi,
mrefu, mzito, mwenye hasira za haki;
nikamlipia debe la mbaazi,
akaja kwa bodaboda ndani ya tenga
akiwika njia nzima.

Wa kwanza walikuwa kumi na mmoja.
Niliwapima kwa mizani ya duka la Fadina
kila Ijumaa, nikaandika.
Anayekua upesi: uzi.
Anayeatamia bila kuhama: uzi.
Anayepiga chafya mara mbili: mstari juu ya jina.
Na tone la chanjo jichoni kila miezi mitatu,
maana damu nzuri ni ukuta,
lakini ukuta nao unataka mlango ufungwe.

Mwezi wa tano akaja mkwe wetu, Mzee Nandonde.
Mume wangu hakusema kitu,
macho yake tu yalikwenda kwenye uzi,
kwa jogoo mkubwa kuliko wote.
Nikasema, "Si huyo."
Aibu ikaketi nasi mkekani.
Nikachinja mwingine, mnene, wa mstari juu ya jina,
nikaupika kwa nazi nzito kuliko kawaida.

Mkwe akala. Akanyonya mfupa. Akauliza,
"Na yule aliyevaa uzi, ni wa mganga?"
"Ni wa wajukuu," nikasema,
nikamletea daftari.
Alilisoma taratibu, kidole chini ya kila mstari,
kama mtu anayesoma barua ya deni.
Wakati wa kuaga alivua kofia yake ya viua,
akaigeuza kama bakuli,
akaomba mayai manne.
Aliondoka kichwa wazi, jua la saa nane.

Septemba hii kideri kimerudi.
Kwa jirani vilio.
Kwangu, katika arobaini na mmoja, wamekufa tisa.
Wawili walikuwa na uzi.
Nimewafukia kwa chokaa ileile
na nimewaandika, kwa sababu daftari linalosifu tu
halimfai mfugaji.

Kishingo amezeeka, hatagi tena.
Mume wangu humtazama akitaja supu,
kisha hujikohoza na kutoka nje.

Jana Nangumbi alidai daftari lake.
Amerudi nalo usiku, kalamu nyekundu mkononi.
Pale mwanzo nilipoacha wazi
ameandika 1,
akatia vema.